Kodi ya duka haipandishwi kwa mdomo

Mhariri,

Inaniuma kuona wenzangu wa maduka hapa Kongowea wakifungasha bidhaa kwa sababu tu mwenye nyumba amepita jioni na kusema kodi imepanda. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa duka au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Kumpandishia kodi au kumtoa kunahitaji notisi iliyoandikwa kwa fomu maalumu, ya miezi 2 au zaidi. Asiyekubali apeleke shauri kwenye mahakama ya kodi za majengo ya biashara kabla ya muda huo kwisha. Na jamani, tunapokodi duka, tusiweke rafu wala kupaka rangi kabla ya kuandikiana nani atatengeneza paa likivuja.

Mwenye duka, Mombasa