Pikipiki Kuukuu Inayopiga Mshindo na Kukataa Kuwaka

Majuma machache yaliyopita tulipata barua ya mwalimu wa dini mmoja akaaye kusini ya Kalemie, katika njia iendayo Moba. Habari yake ni hii. Anayo pikipiki kuukuu, nayo ndiyo miguu yake ya kuvifikia vijiji vya mbali siku za Dominika. Tangu mwisho wa masika, kila akiipiga kiki, hutoa mshindo mkubwa katika bomba la moshi, kisha hunyamaza kimya. Fundi wa kwanza alibadili bujie. Fundi wa pili akamwuzia kabureta nyingine. Fundi wa tatu akasema kwamba injini imekufa, heri anunue mpya. Fedha aliyo nayo nyumbani ni karo ya binti yake wa shule ya sekondari, wala hana nyingine. Atuuliza: Je, nifanyeje?

Tulimjibu neno moja tu: Baba Mwalimu, ngoja, usiiguse fedha ya mtoto. Kisha tukaenda kumtazama. Leo twataka kuwaeleza yale tuliyoyaona, maana twajua kwamba pikipiki za namna hiyo zimo katika nyua nyingi za nchi yetu, na vijana wengi hupata riziki yao kwa kuwabeba watu juu yake.

Kwanza yatupasa kusema kwamba mshindo huo si jambo la kuchekwa. Katika jimbo la Tanganyika vita vya Waluba na Watwa vilianza mwaka 2013, na katika miaka ya 2016 na 2017 watu maelfu kwa maelfu walikimbia vijiji vyao, wakaja kukaa katika kambi pembezoni mwa Kalemie, kama ile ya Katanika. Mtu aliyesikia bunduki usiku hasahau upesi. Mwalimu alitusimulia kwa huzuni kwamba asubuhi moja alipopiga kiki, mama jirani aliwakamata watoto wake, akakimbilia porini, wala hakurudi hata jua lilipokaribia kutua. Basi mwenye pikipiki anayeiacha ipige mishindo kila asubuhi, huku akisema, «Ndivyo ilivyo, imezeeka,» huyo hajafikiri juu ya jirani yake.

Sasa tueleze injini inavyofanya kazi, kwa kuwa asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua ugonjwa wake. Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya mapigo manne mwaka 1876. Mwaka 1885 wenzi wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, waliifunga injini ya petroli katika chombo cha magurudumu kilichoundwa kwa mbao, nacho huhesabiwa kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Tangu siku zile mengi yamebadilika, lakini mapigo manne ni yale yale. Pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na esansi. Pistoni hupanda na kuibana. Cheche ya bujie huiwasha, na moto huisukuma pistoni chini. Kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Injini ikizunguka mara 6.000 kwa dakika, moto huo huwaka mara 50 katika kila sekunde moja. Kwa hiyo cheche haina ruhusa ya kuchelewa wala ya kuwahi.

Ili injini iwake, mambo manne yatakiwa: chakula, yaani esansi na hewa kwa kipimo, cheche yenye nguvu, mbano katika silinda, tena saa, yaani cheche itokee kwa wakati wake. Likikosekana moja, mengine matatu hayafai kitu. Na mshindo katika bomba la moshi maana yake ni hii: esansi imefika bombani bila kuungua, au ingali ikiungua, na moto umeikuta huko mahali pasipo pake. Mshindo ukitokea upande wa kabureta, twajua kwamba moto umerudi nyuma kwa njia ya kuingilia. Hapo mara nyingi chakula ni chembamba mno, au valvu haifungi, au cheche imewahi mno. Basi sikilizeni kwanza mshindo watoka wapi, kabla ya kushika ufunguo wowote.

Tulipofika kwa Mwalimu tulianza na chakula. Tulimimina esansi kidogo ya tangi katika bilauri safi, mbali na moto, tukaiacha itulie. Esansi ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji hukaa chini. Na kweli, baada ya kitambo tuliona chini ya bilauri duara dogo linalocheza kama lulu: ni maji. Hatukushangaa. Esansi hununuliwa kwa chupa kando ya barabara, na mvua haichagui chupa. Tulimwaga yote, tukaosha tangi, tukafungua bakuli la kabureta na jikleri yake, yaani kile kitundu chembamba cha kupitishia esansi. Jikleri huoshwa kwa esansi safi na kupulizwa. Haichokonolewi kwa waya wa chuma, maana tundu likipanuka hata kidogo kipimo kimeharibika. Kila kilo moja ya esansi yataka karibu kilo 15 za hewa, na tundu hilo ndilo mizani yake. Tulitazama pia kama hewa haipenyi mahali kabureta inapoungana na injini. Palikuwa pazima.

Tuliweka esansi safi, tukapiga kiki. Mshindo! Watoto waliokuwa wakitazama wakatawanyika. Mwalimu alituangalia kwa uso wa mtu aliyekwisha kukata tamaa. Lakini sisi hatukukata tamaa, kwa kuwa tulikuwa tumeondoa kosa moja la kweli, nasi tulijua kwamba pikipiki kuukuu yaweza kuwa na makosa mawili kwa pamoja.

Tukaja kwa cheche. Bujie, ambayo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa huko Kigoma huiita plagi, ilikuwa imelowa. Tuliikausha, tukapima nafasi ya ncha zake. Katika pikipiki nyingi hupasa kuwa milimita 0,6 au 0,7. Hapa angalieni hatari. Watu wengi huilaza bujie juu ya kichwa cha injini, karibu kabisa na tundu lake, wakapiga kiki ili waone cheche. Mvuke wa esansi hutoka katika tundu hilo, na cheche yaweza kuuwasha ukamchoma mtu uso. Ilazeni mbali na tundu, igusane na chuma cha injini, na chombo cha esansi kiondolewe kabisa. Tulifanya hivyo, tukaona cheche ya buluu yenye nguvu. Basi bujie haikuwa na kosa.

Kisha mbano. Tuliziba tundu la bujie kwa kidole gumba, na Mwalimu akakanyaga kiki polepole. Hewa ilikisukuma kidole kwa nguvu. Tulipima pia nafasi za valvu, injini ikiwa baridi. Valvu iliyobanwa mno haifungi sawasawa, moto hupenya, na mshindo hutokea. Za Mwalimu zilikuwa sawa. Basi injini haikufa. Maneno ya fundi wa tatu hayakuwa kweli.

Wasomaji wapenzi, sasa fikirini pamoja nasi. Chakula kipo. Cheche ipo. Mbano upo. Limebaki nini? Imebaki saa. Cheche yaja, lakini yaja wakati usio wake.

Katika pikipiki za zamani za namna hii, ndani ya kifuniko cha ubavuni limo gurudumu zito la magneto, na katikati yake mna kinundu kinachofungua platini. Platini zikifunguka, cheche hutokea. Nafasi yake hupasa kuwa milimita 0,3 au 0,4. Ikizidi au ikipungua, cheche huwahi au huchelewa. Tulipima platini: sawa. Hapo tukalifungua gurudumu lenyewe kwa chombo chake cha kuvutia, wala si kwa nyundo, maana nyundo hulipasua. Gurudumu hushikwa mahali pake na kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, hakizidi ukucha wa kidole. Kipande hicho cha Mwalimu kilikuwa kimekatika vipande viwili kama kwa kisu, na gurudumu limeteleza kidogo. Kwa hiyo cheche ilichelewa. Esansi iliwaka wakati valvu ya moshi imekwisha kufunguka, na moto wote ukaenda kulia katika bomba.

Kwa nini kilikatika? Mwalimu alikumbuka kwamba wakati wa masika mtu mmoja alilifungua gurudumu hilo ili atazame platini, akalirudisha upesi upesi. Nati haikukazwa sawasawa, na gurudumu likabaki linacheza. Wazee hawakukosa waliposema kwamba haraka haraka haina baraka.

Tulipata kipande kingine katika soko la Kalemie, kwa bei iliyo ndogo kuliko ya daftari za mtoto mmoja. Tulifuta mafuta katika ncha ya mhimili na katika tundu la gurudumu ili vishikane vikavu, tukaweka kipande, tukakaza nati kwa nguvu ipasayo. Mwalimu alipiga kiki ya kwanza: kimya. Akapiga ya pili: injini ikawaka, ikanguruma taratibu bila mshindo hata mmoja. Mwalimu hakusema neno. Alivua kofia yake, akasimama hapo. Kisha akaenda hata uani kwa jirani, akamwita yule mama aje kusikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba pikipiki haitamfukuza tena. Na binti amerudi shuleni kwa karo ile ile iliyotaka kununua injini.

Katika habari hii twataka mshike mambo matano.

La kwanza, chunguzeni kabla ya kununua. Chakula, cheche, mbano, saa; kwa utaratibu huo, moja moja. Mwenye kubadili vitu vitatu kwa siku moja hajui ni kipi kilichoponya, wala ni kipi kilichoharibu.

La pili, mkipata kosa moja msidhani kwamba mmekwisha. Maji katika esansi yalikuwa kosa la kweli, lakini hayakuwa yote.

La tatu, pikipiki inayolipuka isipigwe kiki kwa hasira. Cheche ikiwahi mno, kiki hurudi juu kwa nguvu na kuweza kuvunja mguu. Kisha kila kiki ya bure huongeza esansi bombani, na mshindo ujao huwa mkubwa zaidi, hata kulipasua bomba.

La nne lawahusu wakaao pwani ya ziwa. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda sana, yakaingia mitaani na nyumbani mwa watu hapa Kalemie. Pikipiki iliyozama isipigwe kiki kabla ya kufunguliwa. Toeni bujie, mwage maji yote, mtazame oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, hivyo ibadilishwe yote. Na maji yaliyoingia katika magneto hula nyaya polepole, yakaleta ugonjwa baada ya miezi.

La tano ni kwa vijana wenye pikipiki za siku hizi. Nyingi hazina platini tena. Kazi yake hufanywa na kisanduku kidogo cha umeme. Lakini gurudumu la magneto lingalipo, na kile kipande cha nusu mwezi kingalipo katika nyingi. Msidharau kilicho kidogo.

Tena twawaambia mafundi neno moja kwa upendo. Fundi asiyejua ugonjwa, na aseme, «Sijui, nipe siku mbili nitafute.» Neno hilo halimvunjii heshima. Lakini akisema, «Injini imekufa,» ili aifiche haya yake, ametoa daftari mkononi mwa mtoto. Papa Pio XII aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, nayo husherehekewa tarehe 1 Mei. Yosefu alikuwa seremala, mtu wa vipimo na vyombo. Twadhani hakumtoza mtu meza nzima pale ambapo mguu mmoja ulikuwa umelegea.

Ninyi mnaosoma shuleni, kamwombeni baba au kaka awaonyeshe bujie, platini na jikleri, mviguse kwa mikono yenu, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Na mwenye pikipiki iliyo na ugonjwa mwingine atuandikie, aeleze vema mshindo watoka upande gani, na ni nani aliyeifungua mara ya mwisho.