Subira Nayo Hufundishwa

Mgonjwa wa saratani anayevuka bahari kutoka Unguja kwenda kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, huchukua mizigo miwili: maumivu na hofu. Mofini huupunguza wa kwanza. Wa pili je? Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu hushika mwili, moyo na roho pamoja. Hofu huyazidisha. Kuvuta pumzi polepole, kulegeza viungo, kupeleka fikira kwengine: haya hufundishika, wala si badala ya dawa. Twataka wauguzi wote wa Mnazi Mmoja wasomeshwe kazi hii, nao wawafunze wagonjwa na jamaa zao. Kumwambia mgonjwa "subira yavuta heri" bila ya kumwonyesha njia ya kusubiri ni kumtupa.