MAONI: Ufa wa Kapata na rula isiyokuwa na namba 3

Mwaka jana mama mmoja wa Kapata aliniita nipige picha ukuta wa nyumba yake. Ufa ulianzia juu ya dirisha na kushuka hadi karibu na sakafu. Yeye na majirani walisema nyufa zilizidi tangu milipuko ya mgodi wa karibu ianze kusikika mara nyingi. Kampuni ilijibu kwamba nyumba hizo ni za zamani, za wakati wa Gécamines, na nyumba ya zamani hupasuka yenyewe. Kwa hiyo kipimo cha ufa kilikuwa na maana kubwa. Nikaweka rula ya mtoto wa shule kando yake, nikapiga picha kwa simu. Ilikuwa jioni, mwanga umepungua.

Picha ilitoka na ukungu kidogo. Nikaipitisha katika programu ya simu inayonoa picha kwa akili bandia. Kwa sekunde chache ikawa safi kama picha ya jarida. Nikaituma kwa avoka wa familia kwa WhatsApp, nikalala na moyo mweupe.

Siku ya kikao cha mapatano, mjumbe wa kampuni aliikuza picha kwenye ukuta na kuuliza swali moja tu: "Rula hii imetengenezwa nchi gani?" Tukaangalia. Kati ya 2 na 4 hapakuwa na 3. Palikuwa na alama ya kupinda, karibu kufanana na 8. Programu ilishindwa kusoma namba, ikachora yake. Tangu dakika ile hakuna aliyezungumza tena juu ya ufa. Tulizungumza juu ya picha yangu. Nikaulizwa ile ya kwanza iko wapi. Sikuwa nayo, kwa sababu niliihifadhi iliyonolewa juu yake. Madai ya mama yule yalirudi nyuma, na kosa lilikuwa langu.

Nalisema hili kwa sababu hapa Kolwezi waandishi na vijana wenye kamera wanaulizana kila siku: programu gani inatoa picha kali kuliko zote? Kwa maoni yangu, swali la kwanza linapaswa kuwa lingine: njia gani itaniwezesha kumuonyesha mtu asiyeniamini kila hatua niliyopita, toka kamera hadi ukurasa wa habari?

Tuanze na faili. Kamera ikikupa JPEG, imekwisha kuamua mambo mengi mahali pako: imenoa, imefuta chenga, imebana. Kila rangi inabaki na ngazi 256 za mwanga. Faili mbichi, ile inayoitwa RAW, inabeba ngazi 4,096 kama kamera inaandika kwa biti 12, au 16,384 kwa biti 14. Kwenye ukuta wenye vumbi na kivuli, tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha kama mstari mweusi ni ufa au ni uchafu tu.

Lakini tusidanganyane, hata RAW si ukweli mtupu. Katika kamera nyingi kila pikseli inapokea rangi moja tu: nusu ni za kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hati yake ilitolewa mwaka 1976. Maana yake ni kwamba theluthi mbili za rangi unazoziona zimekadiriwa na programu. Kila programu inakadiria. Kitu cha kuuliza ni inakadiria kutoka wapi. RawTherapee na darktable zinapiga hesabu kutoka kwa pikseli za jirani, ndani ya picha yako mwenyewe. Programu niliyotumia mimi ilijifunza kwa picha za watu wengine, kisha ikajaza pengo kwa kitu kinachofanana. Kwa picha ya harusi, haidhuru. Kwa ushahidi, ni hatari.

Programu hizo mbili ni za bure. Hazidai malipo ya kila mwezi kama Lightroom, wala hazihitaji intaneti, jambo ambalo mkaaji wa Kapata analielewa bila kuelezwa. Zaidi ya hayo, mabadiliko yako zinayaandika katika faili ndogo ya pembeni. RAW haiguswi. Yeyote anaweza kuifungua na kuona ulichofanya.

Wapo watakaonipinga, na wana hoja. Novemba 2015 shirika la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka RAW, wapige JPEG ndani ya kamera. Sababu zilikuwa haraka na uaminifu. Lakini mwaka uleule mashindano ya World Press Photo yaliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya karibu na mwisho, baada ya kuzilinganisha na faili za asili. Bila faili ya asili, wangelinganisha na nini? Mimi napatanisha pande zote mbili: weka kamera iandike RAW na JPEG pamoja. JPEG iende kwenye habari ya leo, RAW ingoje siku ya maswali.

Wala sikatai ubunifu. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, katika kazi yake Mémoire alibandika wafanyakazi wa picha za kikoloni juu ya magofu ya viwanda vya Gécamines. Kila mtu anaona kwamba zimebandikwa, hakuna aliyedanganywa. Mimi nilibandika bila kusema, hata bila kujua.

Na ukali wa picha haupatikani kwanza kwenye kompyuta. Nenda asubuhi, mwanga ukipiga ukuta kwa upande. Simamisha kamera kwenye kigingi, au hata juu ya tofali, iangalie ukuta moja kwa moja. Weka ISO ya chini. Piga ukuta mzima, kisha sogea karibu ukiwa na mita ya fundi. Ukifika kwenye programu, kuza hadi asilimia 100 na unoe kidogo. Ukiona mstari mweupe umezunguka ufa, umezidisha, na ufa wenyewe utaonekana tofauti na ulivyo. Nakili RAW fasi mbili. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokima, si kama picha, la sivyo itabanwa.

Nilirudi Kapata kwa mama yule na kamera niliyoazima. Nilimuomba radhi kwanza. Picha mpya haivutii macho kama ile ya kwanza: ina chenga kidogo kwenye kivuli, na rangi ya ukuta imefifia kama ilivyo kweli. Lakini namba 3 inasomeka, na faili yake mbichi iko kwa avoka.