Moteri ya helikopta ikizimika angani: juu ya nini mazoezi ya marubani hayatoshi

Huku kwetu Mashariki mwa Kongo, mlio wa helikopta si jambo geni. Wengi wanajiuliza: moteri ikizimika huko juu, si itaanguka kama jiwe? Hapana, lakini ni hapana yenye masharti.

Moteri ikikatika, rubani anapaswa kushusha mara moja levye ya mkono wa kushoto ili mapanga yalale. Helikopta inashuka, na upepo unaotoka chini unaendelea kuyazungusha. Marubani wanaita hiyo otorotesheni. Karibu na ardhi anainua pua ili kupunguza mwendo, kisha anavuta levye, nguvu iliyobaki katika mapanga ipokee uzito. Nafasi ni moja tu. Akichelewa mwanzoni, mapanga yanapoteza mwendo na hayarudi tena. Kwa Robinson R22, helikopta ndogo ambayo wanafunzi wengi wanajifunzia, anakuwa na sekunde moja ao mbili. Njo maana tangu mwaka 1995 Marekani inadai mafunzo ya pekee kwa marubani wa aina hiyo.

Usiku wa tarehe 29 Novemba 2013, helikopta ya polisi ilikuwa juu ya mji wa Glasgow, Scotland. Moteri zake mbili zilizimika, moja kisha ingine, sababu mafuta hayakuzifikia. Ndani ya tanki kubwa mlibaki kilo 76, lakini pampu za kuyasukuma zilikuwa zimefungwa. Ilianguka juu ya paa la baa ya Clutha, watu 10 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba ilipogonga, mapanga yalikuwa hayazunguki tena.

Sasa tuangalie mazoezi yenyewe. Mara nyingi mwanafunzi anajua kwamba mwalimu atapunguza moteri, na uwanja uko wazi mbele yake. Kabla ya kugusa chini, moteri inarudishiwa nguvu na wanapanda tena. Kuna sababu: kugusa chini bila moteri kunaweza kuvunja helikopta, na helikopta ni bei kali. Lakini hivyo rubani anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumaliza hata mara moja kile atakachodaiwa siku ya hatari.

Mashine za kuigiza safari zinaweza kuleta kile ambacho uwanja hauleti: moteri kukatika kwa ghafla, usiku, juu ya nyumba ao pori. Kugusa chini kwenyewe kufundishwe na walimu waliozoea, fasi tambarare.

Na zoezi lianze mbele ya moteri kuzimika. Kule Glasgow, maonyo ya mafuta yaliwaka zaidi ya mara moja. Rubani anayejiuliza kila dakika “ikikatika sasa, nitatua wapi?” amekwisha kujipatia zile sekunde mbili.