Umeme wa Uani

Leo tuzungumze habari ya umeme, lakini si ule wa ndani ya nyumba. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika katika vijiji vingi ambavyo babu zetu walivijua kwa kibatari na mbalamwezi tu. Ni neema kubwa. Lakini binadamu haridhiki upesi. Taa ikiisha kuwaka sebuleni, mama ataka nyingine kwenye njia ya chooni, maana usiku wa Juni hapa Ufipa, kwa baridi ile, mtoto atoka mbio wala haoni anapokanyaga. Baba ataka taa zizini, amwone mwivi kabla mwivi hajawaona maksai. Kijana naye ataka soketi bustanini, achomeke pampu na kunywesha kabichi zake wakati wa kiangazi. Hayo yote ni mashauri mema, wala hatusemi asiyafanye mtu.

Ila tutazame jinsi yanavyofanywa. Kuna harusi, au kuna msiba, wageni watakesha uani. Mtu hukimbilia dukani akanunua waya mwembamba wa bei ndogo, akauchomeka katika soketi ya ndani, akaupitisha dirishani, akauegemeza juu ya bati, halafu akaufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kamba yenyewe ni ya chuma. Penye kiungo huzungusha utepe, na utepe ukikosekana huzungusha kipande cha mfuko wa plastiki. Wageni huondoka. Waya haundoki! Mwaka hupita, jua limeukausha, panya ameuonja, na mama kila Jumamosi aanika nguo mbichi pale pale, naye yu peku.

Sasa sikiliza, ewe baba mwenye nyumba, kwa nini umeme wa nje si sawa na wa ndani. Ndani umesimama juu ya sakafu kavu, labda umevaa ndara. Nje umesimama juu ya udongo, na mvua zetu huanza Novemba mpaka Aprili, udongo umeshiba maji. Umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini, na mtu aliyelowa ni njia nzuri sana.

Wengi hujibu, “Lakini mimi nina breka pale kwenye mita, itakata.” Hebu tufanye hesabu, si ngumu. Umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 230. Taa ndogo ya LED ya wati 9 hupitisha kama miliampea 40 tu. Kiasi hicho kidogo, cha taa moja tu, kikipita kifuani mwa mtu kwa sekunde chache, chaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka akafa. Na breka ya taa huwa ya ampea 10, ndiyo miliampea 10,000. Basi mtu aweza kufa ameshika waya, na breka imekaa kimya, maana kwake hakuna neno lililotukia. Breka iliwekwa ili kuulinda waya usiungue na kuteketeza nyumba. Wewe haikujui.

Kinachokujua ni kifaa kingine, mafundi hukiita kwa herufi tatu, RCD. Kazi yake ni kama ya karani wa ghala ahesabuye magunia yanayotoka na yanayorudi. Umeme uliokwenda kwenye taa sharti urudi wote kwa waya wa pili. Ukipungua, maana yake umepotelea mahali, pengine mwilini mwa mtoto wako. Kile cha miliampea 30, ambacho ndicho kifaacho kwa soketi za nje, hukata kabla theluthi moja ya sekunde haijaisha. Kina kidude cha kubonyeza chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Kisipokata, kibadilishwe siku hiyo hiyo. Ukiwa na fedha za kununua ama taa tatu za nje, ama taa moja pamoja na kifaa hicho, nunua taa moja.

Pamoja nacho lazima iwepo ethi, ile fimbo ya shaba inayopigiliwa ardhini. Hapa petu ina shida yake. Toka Mei hata Oktoba udongo wa juu hukauka ukawa kama tofali, na fimbo fupi katika udongo mkavu haifanyi kazi vizuri. Ipigiliwe chini sana, mahali penye unyevu mwaka mzima, na fundi aipime kwa chombo chake, asikadirie kwa macho. Tena kichwa chake kifunikwe vizuri, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi shaba imetoka wapi.

Tuje kwenye waya wenyewe. Wa kupita juu uninginie mbali na bati, mbali na kamba ya nguo, na juu kuliko mzigo wa mkokoteni wa ng'ombe. Lakini kwenda bustanini ni afadhali upite chini ya ardhi, na hapo ndipo sisi wa Ufipa tunapaswa kuwa waangalifu kuliko watu wengine. Sisi ni watu wa kupindua udongo. Tunajua kulima matuta ya duara, zile ntumba, majani yakifukiwa ndani yaoze. Tunajua na plau la maksai. Waya uliofukiwa kiganja kimoja hautamaliza msimu. Chimba mtaro wa sentimeta 60 au zaidi, karibu kina cha mkono wa mtu mzima. Weka mchanga, laza kebo ya nje yenye deraya ya nyuzi za chuma, au kebo ya kufaa ndani ya bomba gumu la plastiki, ili fuko na meno yake asiifikie. Weka mchanga tena, juu yake safu ya matofali, ndipo urudishe udongo. Mwenye jembe akigonga tofali atajiuliza. Halafu chora mahali ulipopita mtaro, ukaiweke karatasi pamoja na hati za kiwanja, kwa kuwa atakayelima hapo miaka 10 ijayo huenda asiwe wewe.

Soketi ya nje iwe na kifuniko chake, ikae ukutani chini ya upenu, kama mita moja kutoka chini. Ile ya ndani haifai nje hata ukiifunika kopo. Ukinunua, tafuta herufi IP na tarakimu mbili: ya pili ndiyo habari ya maji. Ikiwa 4 huvumilia maji ya kurukia, ikiwa 5 huvumilia hata maji ya mpira. Kwa taa ya mahali pasipo upenu, chagua 5. Na pampu, usiivute kisimani kwa waya wake, wala usitie mkono majini kabla ya kuchomoa plagi.

Kuhusu gharama ya mwanga, usiogope. Taa ya wati 9 ikiwaka saa 11 kila usiku, uniti moja ya LUKU huipeleka siku 10. Balbu ya zamani ya wati 60 huimaliza uniti hiyo kwa siku moja na nusu.

Hata hivyo, kwa choo kilicho mbali na kwa zizi, mimi ningenunua taa ya jua badala ya kuchimba mtaro. Ina volti chache, haiui mtu. Kwa zizi hasa, fahamu kwamba ng'ombe huumizwa na umeme kuliko sisi. Miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na umeme uliovuja ardhini huingia mguu mmoja ukatokea mwingine, ukipitia moyoni. Ndiyo maana radi moja yaweza kulaza ng'ombe kadhaa chini ya mti mmoja.

Nimetaja radi, na najua yanayosemwa. Kuna watakaosema imetumwa. Jina la Sumbawanga husemwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi, basi na tuutupe katika jambo hili pia. Radi hupenda kilicho kirefu, na ikipiga karibu na waya wa nje, waya huo huileta mpaka ndani kwenye redio. Mawingu yakijikusanya upande wa Mbizi, chomoa vya nje kwanza, kisha vya ndani, ukiwa mkavu, kabla ngurumo hazijafika.

Na umeme ukikatika, usidhani umezimwa. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umetoka Zambia kwa njia ya Mbala, na kukatika tumekuzoea. Kijana huona giza, akasema sasa ndiyo nafasi ya kutengeneza kile kiungo. Umeme haupigi hodi ukirudi. Zima swichi kubwa, mwache mtu asimame hapo, ndipo uguse.

Bahati mbaya ikitokea, usimshike aliyenaswa. Kata umeme swichini. Isipowezekana, msukume waya kwa mti mkavu, nawe usimame juu ya kitu kikavu. Kama hapumui, anzeni mara moja kumkandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri wa kumpeleka hospitali. Msipoteze wakati kutafuta maziwa. Na hata akisimama akacheka, apelekwe tu, moyo huweza kukosea baadaye.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, naye akuonyeshe. TANESCO mwisho wao ni mita. Yaliyo mbele ya mita ni yako. Wenye kile kifaa cha Umeta, yaani Umeme Tayari, waliounganishiwa bila kutandaziwa nyaya nyumbani, wasitoe waya wa uani humo kwa shauri lao wenyewe. Fundi akisema amemaliza, washa taa zote za nje, ubonyeze ile herufi T mbele yake. Zikizimika zote pamoja, mlipe.