Wacheni Tom Mitchell na Miguu Yake

Niliwahi kulipwa kumtukana mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Si matusi ya stejini. Ni matusi safi, yaliyovaa tai. Kazi ilikuja kupitia jamaa mwenye akaunti ya kuandikia wateja wa ng'ambo. Yeye hupokea dola, anakata chake, sisi wengine tunabaki na cha unga na bando. Safari hiyo mteja alitaka wasifu wa viungo kumi wa futiboli ya Australia, maneno mia tatu kila mmoja, na chini ya kila jina safu mbili: Nguvu. Udhaifu.

Tisa zilipita bila neno. Ya kumi, ya Tom Mitchell, ilirudi na maandishi mekundu: udhaifu ni mfupi, ongeza.

Nikaongeza. Kodi ilikuwa imefika. Nikaandika kile kila mtu huandika: hana kasi, teke lake halifiki mbali, anapata mpira mara nyingi lakini hawaumizi wapinzani. Nikalipwa. Na tangu siku hiyo sentensi ile imenikera kama jiwe kwenye maharagwe. Leo naitema.

Najua wengi wenu hamjawahi kuutazama mchezo huu. Mimi mwenyewe niliufikia kwa sababu ya Aliir Aliir, beki aliyezaliwa Kakuma mwaka wa 1994, hapa hapa Kenya, katika familia ya Sudan Kusini iliyokimbia vita. Nilitaka kujua mtoto wa Kakuma anafanya nini huko Australia. Nikaingia, sikutoka.

Uwanja una umbo la yai, mpira nao ni wa yai. Kila upande wachezaji kumi na wanane. Hakuna kuotea. Kila mwisho kuna nguzo nne: ukipitisha mpira kwa teke kati ya zile mbili ndefu za katikati unapata pointi 6, ukiupitisha pembeni unapata 1. Mpira hautupwi. Unautoa kwa teke, au unaushika kwa kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Kila unapoutoa kwa njia moja kati ya hizo, kuna mtu anahesabu.

Sasa tazama pale mchezo unapoanza. Refa anaurusha mpira juu katikati, warefu wawili wanaruka kuugonga, na chini yao viungo wanangoja kama abiria wa saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha na matatu ni moja. Mpira ukishuka, watu wazima wanauangukia. Ukiushika unashikwa. Ukishikwa na hukuutoa kwa njia halali wakati ulikuwa na nafasi ya kuutoa, refa anawapa wapinzani. Una nusu sekunde, kichwa kiko chini, mtu yuko mgongoni, na lazima ujue mwenzako yuko wapi bila kumtazama.

Hapo ndipo Tom Mitchell aliishi. Huko chini.

Machi 2018, katika mechi ya kwanza ya Hawthorn msimu huo, aliutoa mpira mara 54 dhidi ya Collingwood. Hakuna aliyewahi kufika hapo tangu hesabu hizo zianze kuwekwa. Rekodi ya awali, 53, ilikuwa ya Greg Williams tangu 1989. Na msimu ulipoisha Mitchell akatwaa Medali ya Brownlow kwa kura 28. Kura hizo hupigwa na marefa wenyewe baada ya kila mechi: tatu, mbili, moja. Yaani watu waliokuwa karibu zaidi na ule msongamano, wanaosikia mifupa ikigongana, ndio waliosema huyu ndiye bora.

Ungedhani mjadala uliishia hapo. Zii. Hapo ndipo ulipoanza. Mara 54, wakasema, lakini alifanya nini nazo? Pasi fupi za ngumi. Hawezi kumwacha mtu kwa mbio. Hapigi teke la mita hamsini likakata uwanja. Wakamweka kando ya Dustin Martin wa Richmond, aliyeshinda Brownlow mwaka uliotangulia. Martin alikuwa mtu wa kusukuma beki kwa kiganja, akaondoka, akafunga, uwanja ukasimama. Ukimtazama Martin unajua umetazama kitu. Ukimtazama Mitchell unaona jamaa akiinuka kutoka kwenye rundo la watu, jezi imepanda, na mpira tayari uko kwa mwingine.

Hebu tuseme ukweli kabla hatujapigana. Mashtaka hayo mengi ni kweli. Mitchell hakuwa na kasi. Teke lake halikuwa la kutisha. Hakuwa mfungaji mkubwa. Na pasi ya ngumi ya mita tatu kwa mwenzako aliyesimama wima huku adui wawili wanamjia si msaada, ni kumpa mtu bili yako alipe. Kuna siku alifanya hivyo. Na idadi yenyewe inaweza kudanganya: mtu anaweza kuugusa mpira mara arubaini na timu yake ikapigwa vibaya. Yeyote anayekwambia kuwa 54 ni jibu la kila swali anakuuzia kitu.

Ugomvi wangu uko kwingine. Ugomvi wangu ni na ile safu ya pili, na namna inavyojazwa.

Inajazwa hivi. Unamchukua mtu mmoja, unamtoa kwenye timu yake, unamweka juu ya meza peke yake kama simu ya mtumba, kisha unaorodhesha kila kitu ambacho wengine wanacho na yeye hana. Kasi ya fulani. Teke la fulani. Mabao ya fulani. Mwishowe umemlinganisha na mtu asiyekuwepo, mwenye miguu ya huyu na mikono ya yule. Halafu unaiita orodha hiyo tathmini.

Kiungo hachezi juu ya meza. Anacheza na watu kumi na saba. Pasi yake fupi ni mbovu au ni nzuri kutegemea nani amesimama pale inapoangukia. Ukimpa mpira huo mtu aliyetulia mwenye miguu mizito, ni hasara. Ukimpa mtu anayepita kwa kasi, anayejua utatokea kabla haujatokea, ile pasi fupi iliyodharauliwa inakuwa mlango. Pasi ni ile ile na ngumi ni ile ile. Aliyebadilika ni anayepokea.

Mnataka ushahidi? Upo, tena si wa kutafuta kwa tochi.

Mwaka ule ule wa 2018 Hawthorn walimaliza wa nne. Wakaingia mchujo na mchezaji bora wa ligi, wakafungwa na Richmond, kisha na Melbourne, wakarudi nyumbani. Wakosoaji wakapanguza mikono: si tulisema? Januari 2019 Mitchell akavunjika mguu mazoezini, msimu mzima ukaenda. Akarudi, akaendelea kuokota mpira kama kawaida, lakini timu ilikuwa inashuka. Mwisho wa 2022 Hawthorn, wakijijenga upya na vijana, wakamwachia aende Collingwood. Siwalaumu. Timu inayopanda miche haihitaji sana mtu wa kuvuna. Lakini wengi walisoma uhamisho ule kama hukumu: mnaona, hata wao wamechoka na takwimu zake.

Collingwood walikuwa wametoka kukosa fainali kuu ya 2022 kwa pointi moja mbele ya Sydney. Walikuwa na Nick Daicos, kijana ambaye mpira ukimfikia katika nafasi hujui atakufanya nini. Walikuwa na Jordan De Goey, mwenye nguvu za kupasua katikati. Walikuwa na Scott Pendlebury na Steele Sidebottom, wazee wenye akili. Huyu Sidebottom ndiye aliyekuwa wa pili nyuma ya Mitchell kwenye kura za 2018. Watu wa kuumiza wapinzani walikuwepo tele. Mtu wa kulala chini akauchimbua mpira na kuwapa, huyo ndiye Mitchell.

Fainali ya 2023 ilichezwa Septemba 30. Ilianza saa moja na nusu asubuhi ya Nairobi. Niliitazama kitandani, simu imeegemea sufuria, bando likitishia kuisha. Watu 100,024 uwanjani. Robo ya mwisho uongozi ukabadilika kama mabati kwenye upepo: Brisbane mbele, De Goey akajibu, Sidebottom akapiga la mbali, Brisbane wakapunguza tena. Ikaisha 90 kwa 86. Pointi nne. Medali ya mchezaji bora wa siku ilienda kwa Bobby Hill, aliyefunga mabao manne. Mitchell hakuwa kwenye picha kubwa. Alikuwa pale alipokuwa siku zote, chini, akikaba watu, akiutoa mpira, akiinuka. Ila sasa alikuwa bingwa.

Niambieni sasa. Kati ya 2018 na 2023, miguu yake ilipata kasi? Alikuwa na umri wa miaka thelathini na alishavunjika mguu mmoja. Kasi hata ingekuwepo ingekuwa imepungua. Mtu ni yule yule, na safu ya udhaifu ni ile ile, neno kwa neno. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alisoma safu ya kwanza, akauliza: tukiwa na hiki, ni nani tumweke kando yake ili kile anachokosa kisituume?

Na Aliir wetu wa Kakuma hana hadithi tofauti. Sydney, alikuwa mtu wa kuingia na kutoka kikosini. Akahamia Port Adelaide, na msimu wake wa kwanza huko, 2021, akachaguliwa katika timu bora ya mwaka ya ligi nzima. Miguu aliyoenda nayo ni ile aliyotoka nayo.

Nasikia mmoja akiuliza: basi kwa hesabu yako hakuna mchezaji mbaya, wote wamekosa tu marafiki? La. Wapo wabaya. Mchezaji mbaya ni yule ambaye udhaifu wake hauna chochote upande wa pili, ambaye ukimjengea timu unagundua umejenga banda juu ya shimo. Tathmini ya haki lazima imseme huyo. Lakini haimsemi kwa kuhesabu mapengo. Inauliza bei: hiki anachokosa kinatugharimu nini, hiki alichonacho kinatununulia nini, na je, tunao watu wa kulipa tofauti? Kwa Hawthorn bei ilikuwa kubwa mno mwishoni. Kwa Collingwood ilikuwa nafuu. Majibu yote mawili ni sahihi. Kinachokosewa ni kusema mchezaji ana bei moja kila soko.

Mbona hili linaniuma hivi, mtu wa Nairobi asiyewahi kushika mpira wa yai? Sitaficha. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nakumbuka karatasi niliyopewa kabla sijaondoka: safu mbili. Upande mmoja waliandika kwamba naandika vizuri. Upande wa pili walijaza hadi chini. Yote yalikuwa kweli, sikatai hata moja. Nilichelewa, nilikosa madarasa, takwimu zilinishinda mara mbili. Lakini hakuna aliyeuliza kijana anayeandika vizuri na asiyejua kuamka awekwe wapi. Waliandika, wakapiga muhuri, wakanikabidhi. Nami miaka michache baadaye nikaketi na laptopu ya kuazima nikamfanyia Mitchell vilevile, kwa sababu mteja alitaka safu ijae.

Hatari ya kazi hizi zetu za mtandaoni ndiyo hiyo. Tunafundishwa kwamba udhaifu mrefu unaonyesha umefanya utafiti, na sifa fupi zinaonyesha hujadanganyika. Dharau inaonekana kama akili. Yeyote anaweza kuandika "hana kasi"; hilo linaonekana hata ukizima sauti. Kuandika ni kwa nini mtu asiye na kasi alifika kwenye mpira kabla ya wenye kasi, hiyo ndiyo kazi. Inataka utazame robo nzima ukifuata jezi moja, uone anavyoanza kusogea mrefu wake akiwa bado hewani, anavyoinama mapema, anavyojua mwenzake yuko mkono wa kushoto. Mitchell hakuhitaji kuwakimbia watu. Aliwasili kwa kuondoka mapema.

Kwa hivyo naandika upya. Mteja hatanilipa kwa hili, na hata asiponilipa sawa tu.

Tom Mitchell, kiungo. Nguvu: anaupata mpira pale ambapo wengine wanapata maumivu, na anautoa ungali na faida. Anakaba bila kuchoka. Udhaifu: anahitaji watu wenye mbio kando yake.

Maneno hayajafika mia tatu. Kama safu haijajaa, iache wazi.