Yote na Yo Yote: Hoja Juu ya Safari za Mito ya Ulaya

Yako maneno mawili ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyachanganya, na mwalimu wake hana budi kuyatenga upya kila muhula. Moja ni "yote". La pili ni "yo yote", ambalo naliandika mbali mbali kama tulivyolikuta katika vitabu vya zamani. La kwanza hukusanya mambo lisiache hata moja nje. La pili halikusanyi kitu, bali humpa msemaji hiari ya kushika hili au lile. Mtu aliyeahidiwa mambo yote aweza kudai kila moja kwa jina lake. Mtu aliyeahidiwa jambo lo lote hana la kudai, maana lililomfikia ndilo hilo. Naanza na somo hili dogo kwa sababu ya mabishano yaliyotokea chumbani mwa waalimu muhula uliopita, ambayo mimi nilishindwa kwa wingi wa kura, lakini sikushindwa kwa hoja.

Mwenzetu mmoja, aliyefundisha miaka mingi kuliko sisi sote na ambaye sasa anakaribia kustaafu, ana binti aliyeolewa Nürnberg, katika Ujerumani. Amekusudia kwenda kumtazama pamoja na mkewe, kisha wachukue sehemu ya kiinua mgongo chake wapande meli kutoka mji huo mpaka Budapest, safari ya siku saba, wakiuteremka mto Danube. Akatuomba shauri: kampuni ipi? Vijana wa idara walifurahi. Wakachora jedwali, majina ya makampuni wakayaweka upande mmoja, na mambo yaliyomo ndani ya nauli upande wa pili, wakatia alama. Uniworld, Scenic na Tauck zikapata alama nyingi, kwa kuwa nauli zao zina vinywaji vya mchana kutwa, matembezi ya nchi kavu na bakshishi za mabaharia. AmaWaterways ikapungukiwa, kwani divai na bia hutolewa wakati wa chakula cha mchana na cha jioni, na bakshishi humngoja abiria mwishoni. Viking ikapungukiwa zaidi, kwa sababu katika kila bandari hutoa tembezi moja bila malipo, na mengine huyauza. Hukumu ikatoka: penye alama nyingi ndipo penye yote, na penye yote ndipo pa kwenda.

Nilipinga. Nikaambiwa kwamba mwalimu wa lugha hawezi kuona neno likipita asilisimamishe na kulipekua mifuko. Naam, hiyo ndiyo kazi ninayolipwa, na sikuona sababu ya kuiacha mlangoni kwa kuwa mazungumzo yalikuwa juu ya meli.

Tutazame kwanza chombo chenyewe. Mito ya Main na Danube imeunganishwa na mfereji uliokamilika mwaka 1992, wenye urefu wa kilomita 171 na malango ya maji 16. Lango la maji ni chumba kikubwa cha saruji: meli huingia, milango hufungwa, maji hutiwa au hutolewa, na chombo hupanda au hushuka pole pole mpaka kilingane na maji ya upande wa pili. Kwa njia hiyo meli hupandishwa mpaka mita 406 juu ya usawa wa bahari, jambo la ajabu kwa sisi tuliozoea kwamba chombo ni kitu cha pwani. Vyumba hivyo vina upana wa mita 12. Basi meli ipitayo humo haiwezi kuzidi mita 11 na nusu hivi kwa upana, na zile ndefu zina mita 135. Kampuni iwe na fahari gani, haiwezi kulipanua lango. AmaWaterways ilipoleta AmaMagna mwaka 2019, ambayo upana wake ni karibu mara mbili ya desturi, chombo hicho kililazimika kubaki Danube, mbali na mfereji.

Kwa hiyo meli za njia hii zinafanana kama madau ya fundi mmoja. Tofauti iliyopo ya kweli ni idadi ya watu: Viking huchukua abiria 190 katika meli ya mita 135, na Tauck, katika meli ya urefu uo huo, huchukua 130. Mwenye fedha na apendaye nafasi na aihesabu tofauti hiyo, wala sitamcheka. Jedwali la wenzangu halikuwa na safu ya jambo hili. Lilikuwa na safu tatu za vinywaji.

Sasa nauliza, meli huenda juu ya orodha, au juu ya maji? Kati ya Straubing na Vilshofen, katika njia ile ile aliyoichagua mwenzetu, Danube hupita kiasi cha kilomita 70 bila lango hata moja la kuyazuia maji. Hapo mto ni huru, na meli ni mtumwa wa mvua. Mvua ikikosekana, kina hupungua na chombo hakipiti. Ikizidi, maji hupanda na meli haipati nafasi chini ya madaraja. Haya si mambo ya kufikirika. Mwezi wa Juni 2013 maji yalipanda Passau mpaka mita 12.89, kiasi kisichoonekana tangu mwaka 1501. Mwezi wa Oktoba 2018, katika mto Rhine, kipimo cha Kaub ambacho manahodha hukitazama kabla ya kupita kilishuka mpaka sentimita 25. Mwezi wa Agosti 2022 mito mikubwa ya Ulaya ilipungua tena, na huko Prahovo, katika Serbia, Danube ikafunua mabaki ya manowari za Wajerumani zilizozamishwa katika Vita Vikuu vya Pili. Mwezi wa Septemba 2024 mto huo huo ulifurika katika Austria na meli zikazuiwa.

Katika Agosti ile ya 2022 mimi nilikuwa abiria. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa jambo lililonipata lingeweza kunipata kwa nyingine. Tulipofika Regensburg tuliambiwa tufunge mizigo yetu baada ya chakula cha asubuhi. Tukapakiwa katika mabasi, tukapita mashamba ya mahindi yaliyokauka majani, na mchana tukafikishwa Passau, ambako meli nyingine ya kampuni ile ile ilikuwa imetungoja. Abiria wake nao walikuwa wameletwa Regensburg kuchukua vitanda vyetu. Nilipewa chumba cha namba ile ile, chenye pazia la rangi ile ile, hata nikasahau siku ya pili kwamba nimehama. Jioni yake, gatini, nilizungumza na bibi mmoja wa meli ya jirani. Kampuni yao haikuwa na chombo upande wa juu wa mto. Meli yao ilikuwa imesimama pale siku ya nne, imegeuka hoteli, nao wakipelekwa kwa basi kila asubuhi kutazama miji ambayo wangeifikia kwa maji, na kurudishwa usiku. Vinywaji vilikuwa tele. Bibi yule aliniambia hivyo mwenyewe, bila mimi kumwuliza.

Hapo ndipo "yo yote" inapoingia. Kijitabu cha matangazo huandikwa kwa neno la kwanza, na masharti ya mkataba, katika herufi ambazo mzee hawezi kuzisoma bila miwani, huandikwa kwa neno la pili. Humo husemwa, kwa maneno yanayokaribiana kutoka kampuni hii hata hii, kwamba kampuni yaweza kubadili njia yo yote, bandari yo yote na siku yo yote, kuweka basi au hoteli mahali pa meli, na kwamba kufanya hivyo hakutahesabiwa kuwa ni kuvunja ahadi. Wenzangu waliyasoma matangazo makampuni sita. Masharti hawakuyasoma hata ya kampuni moja.

Wako waliojaribu kudai. Mtu mmoja wa Australia alipanga na mkewe safari ya Scenic ya Rhine na Danube katika Juni ile ya 2013, mafuriko yakiwa yamekwisha kuanza. Badala ya siku kumi za kwenda kwa meli walipata tatu, wakabadilishiwa chombo zaidi ya mara moja na kusafirishwa sana kwa basi. Alishtaki kwa niaba yake na ya abiria wengi wa safari nyingine za majira yale. Shauri likapanda kutoka mahakama hata mahakama, mpaka Aprili 2020 Mahakama ya juu kabisa ya Australia ilipoamua kwamba abiria wa namna hiyo aweza kulipwa fidia kwa kuvunjika moyo, yaani kwa starehe aliyoahidiwa asiipate. Siitaji Scenic kwa kuwa ni mbaya kuliko wengine. Mafuriko yale yalizuia meli za kila kampuni. Naitaja kwa sababu katika jedwali letu ndiyo iliyopata alama za juu kabisa, na katika safari ile orodha yake haikupungua chupa hata moja. Kilichopungua ni mto. Kutoka mwaka 2013 mpaka 2020 ni miaka saba. Mwenzetu ana miaka hamsini na tisa, na kiinua mgongo ni kimoja tu.

Nije kwenye hizo safu tatu za vinywaji, ambazo ziliniudhi kuliko yote. Mzee wetu ni mtu wa Tanga, mtu wa sala tano, wala divai haijapita kinywani mwake. Mkewe ni vivyo hivyo. Nauli iliyotiwa pombe ya kutwa ni nauli ambayo kwayo wawili hawa watawanunulia wengine vileo kwa siku saba, na kwa upole wao watashukuru kwa maji ya machungwa. Vijana walijua hayo. Wanamwamkia kila siku, na Ramadhani hula futari kwake. Lakini walipokuwa na karatasi mbele yao hawakumwona yeye tena, waliona alama. Kwa mtu huyu, nauli ya divai ya chakulani tu, pamoja na matembezi, ingekuwa na upungufu mdogo kuliko ile iitwayo kamili.

Kisha mmoja akashauri waongeze siku wafike Belgrade, kwani hapo bei ya kila siku ilionekana nafuu. Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria zimo katika Schengen, na viza moja hutosha. Serbia haimo. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kutoka Hungaria kuingia Serbia, ameitumia, na mlango wa kurudi kwa binti yake umefungwa. Sijaona jedwali la makampuni lenye safu ya pasi ya Tanzania. Waandishi wa matangazo hawamwazi abiria wa namna hiyo, nami siwalaumu sana. Nawalaumu waliokaa naye meza moja wakamsahau.

Iko hoja moja ya upande wa pili iliyo na nguvu, nami siipiti. Husemwa kwamba mtu wa fedha ya kustaafu hutaka kujua jumla kabla hajatoka nyumbani, asije akaletewa hati ya madai asubuhi ya kuondoka na kuhesabu sarafu mbele ya watu. Hofu hiyo ni ya heshima. Walakini dawa yake ni kalamu. Makampuni yasiyotia bakshishi katika nauli hutangaza kiasi yanachopendekeza kwa kila mtu kwa kila siku, na matembezi yanayouzwa yana bei zake. Zidisha kwa saba, ongeza juu ya nauli ndogo, kisha linganisha na ile kubwa. Tulipofanya hesabu hiyo kwa watu wawili wasiokunywa, nauli iliyopungukiwa alama ndiyo iliyokuwa nafuu. Vijana walinyamaza kidogo, kisha wakasema ile nyingine ina mtumishi wa chumbani. Wallahi sijui mzee wetu angemtuma nini.

Nilimshauri achague mwezi kwanza na kampuni baadaye, aiepuke Agosti, akate bima inayotaja kwa maneno kupungua na kufurika kwa mto, kwa kuwa ziko zisizotaja, na aandike barua mwenyewe kwa makampuni matatu akiuliza mambo mawili. La kwanza: katika juma hilo, mtakuwa na meli pacha upande wa pili wa Straubing na Vilshofen? La pili: nikipandishwa basi siku mbili, tatu au nne, mtanirudishia nini, na imeandikwa katika kifungu gani?

Barua zilikwenda. Mpaka leo majibu mawili yamefika. La kwanza ni la ukurasa mmoja, nalo limetaja meli pacha kwa jina lake na tarehe itakayokuwa Passau, na kuhusu fidia limesema waziwazi ni siku ngapi za basi ambazo hawazilipii. La pili limeanza kwa kumshukuru kwa kuwachagua, na ndani yake mna picha kumi na nne za chakula.